Kilo Tisini na Tatu

Kabla ya Clarisse kuleta mizani yake, Umurerwa hakujua mume wake Nishimwe ana kilo ngapi, na hakuwahi kufikiri kwamba hilo ni jambo la kujua. Alijua jinsi kitanda kinavyoinamia upande wake. Alijua ni ubugari, ule ugali wa muhogo, kiasi gani unaomshibisha akitoka kupakia saruji, na ni kiasi gani unaomwacha bado anaiangalia sufuria. Hiyo ilimtosha. Sasa kulikuwa na mwanamke mwingine katika bonde hili la Bugarama ambaye ungeweza kumsimamisha njiani, ukamuuliza Nishimwe ana uzito gani wiki hii, naye angekujibu mpaka gramu.

Yote yalianzia kwenye ubao. Vijana wanaofanya kazi ya saruji walikuwa na desturi ya kutazama mapigano ya mchanganyiko kwenye simu, yale ya ngumi, mateke na mieleka kwa pamoja. Walipenda zaidi uzito mzito mwepesi, wanaume wa kilo themanini na nne mpaka tisini na tatu, kwa sababu walisema hao ndio wenye nguvu za mzito na miguu ya mwepesi. Kila mmoja alikuwa na mpango wake wa nani wa kwanza duniani, nani wa pili, nani anazeeka na ashushwe. Waligombana juu ya watu ambao hawataonana nao maisha yao yote. Ndipo Muderhwa alipokuja kutoka Bukavu, akakodi ghala la zamani la mpunga ili afundishe mchezo huo. Aliwasikiliza, akacheka, akawaambia waache kupanga watu wa mbali, wajipange wenyewe. Alichukua mlango mbovu, akaupaka rangi nyeusi, akautundika ukutani, na juu yake akaandika kwa chaki majina ya wanaume wa bonde na milima ya karibu wenye uzito ule.

Wa kwanza alimweka Byiringiro wa Mururu, mwenye miguu mirefu na teke la ubavuni. Wa pili alikuwa Nishimwe. Wa tatu alikuwa Izabayo, ambaye ngumi yake ilikuwa nzito kuliko za wote, ila akiangushwa chini alilala tu kama gunia. Baada yao walifuata wengine waliokuwa wakipanda na kushuka. Muderhwa hakupanga kwa kupenda sura. Aliangalia umemshinda nani, aliangalia unafanya nini ukiwa chini, na ukikaa muda mrefu bila kupigana alikushusha hata kama huna kosa. Siku za Jumapili Wakatoliki waliotoka misa na Waislamu wa mtaa wa msikiti walikutana mbele ya mlango ule, wakabishana. Wengi walisema Byiringiro yuko juu kwa sababu ya urefu tu. Siku Nishimwe akimshika kiunoni, walisema, ubao utaandikwa upya.

Umurerwa alizaliwa Nkungu, milimani, katika nyumba ya watu wanaoongea kidogo. Aliposikia jina la mume wake likitajwa dukani, alichukua sabuni yake akaondoka, lakini njiani alitembea wima. Ubao ule aliupenda. Kitu ambacho hakukipenda kilikuja baadaye.

Mtu wa kilo tisini na tatu lazima apimwe, na Muderhwa hakuwa na mizani. Ushirika wa mpunga ulikuwa nayo, ile kubwa ya chuma ya kupimia magunia, yenye jukwaa chini na fimbo ndefu juu ambayo kichuma kidogo kinatelezeshwa juu yake mpaka fimbo itulie. Ushirika ulikubali kuiazima, kwa sharti kwamba iguswe na mpimaji wao peke yake. Mpimaji wao alikuwa Clarisse. Wazazi wake walirudi kutoka Uvira naye akiwa msichana, na alikuwa na ile sauti ya watu waliokulia ng'ambo ya mpaka, sauti isiyoomba nafasi. Wakulima walimpenda kwa sababu gunia lako alilipima mbele ya macho yako, na kilo alizozisema ndizo zilizokuwamo.

Muderhwa aliweka masharti mawili. La kwanza, anayepimwa aangalie mabati ya dari, asiangalie fimbo, maana anayeangalia fimbo huanza kuegemea bila kujijua. La pili, anayezidi kilo tisini na tatu siku ya kupigana, jina lake linafutwa na anaanza upya kutoka chini. Na pale alipofutwa, Muderhwa aliandika neno moja: JIKO. Maana yake, jiko la nyumbani kwake limempiga kabla ya adui. Izabayo alikuwa ameshafutwa mara moja. Kwa wiki kadhaa wa tatu katika bonde alikuwa Jiko, na mke wa Izabayo alikuwa anachota maji alfajiri ili asikutane na watu.

Kwa hiyo Nishimwe alianza kukataa chakula.

Mwanzoni alikataa mafuta ya mawese. Halafu chumvi. Halafu ubugari wa jioni. Kila alichokikataa kilikuja na jina lile lile. Clarisse amesema chumvi inashika maji mwilini. Clarisse amesema dagaa za sambaza za kukaanga niache, nile za kuchemsha. Clarisse amesema wiki iliyopita nilikuwa na nusu kilo ya bure. Alisema bila ubaya, kama mtu anayerudia maneno ya daktari, huku akisukuma sahani pembeni na sombe la majani ya muhogo likiwa bado linatoa moshi. Umurerwa alianza kupika sufuria mbili, moja ya kwake na moja ya mgonjwa. Ndivyo alivyoiita moyoni, sufuria ya mgonjwa. Alipokula peke yake chakula chenye ladha, mbele ya mume anayemeza majani yaliyochemshwa, aliona kama yeye ndiye mwizi nyumbani humo.

Jirani yake Nyirabagenzi, mwanamke mnene asiyejua kunyamaza, ndiye aliyemwambia lililobaki.

"Maman, wewe unakaa hapa unatwanga sombe," alisema akiwa ameegemea ua. "Na kule bwana yako iko anavua shati mbele ya Clarisse kila juma. Bahati yako wewe hauna wivu."

Umurerwa alicheka kidogo, kwa adabu, akaendelea kutwanga. Jumamosi iliyofuata alikwenda kwenye ghala.

Alisimama nyuma, karibu na mlango, akiwa amejifunika kitenge mpaka kidevuni ingawa joto la Bugarama lilikuwa linapasua kichwa. Aliona wanaume wakipanda mmoja mmoja juu ya jukwaa la chuma wakiwa na kaptula tu, vichwa vimeinuliwa kutazama mabati. Hawakuona kitu. Aliyeona alikuwa Clarisse. Alikuwa amesimama upande wa pili wa fimbo, karibu kiasi kwamba angeweza kuhesabu pumzi zao, na walipokuwa wanaangalia juu yeye aliwaangalia wao. Kwa Izabayo macho yake yalikwenda kwenye kichuma na kurudi. Kwa Byiringiro vilevile. Nishimwe alipopanda, Clarisse alimwambia aache kupumua kidogo, naye akaacha. Umurerwa aliona kifua cha mume wake kikisimama kwa amri ya mwanamke mwingine.

Kisha aliona mkono. Clarisse alikuwa na vidole vyembamba, na cha mwisho, kile kidogo, alikiinua alipokuwa anasukuma kichuma, kama wanavyofanya wanawake wengine wakishika kikombe cha chai. Kichuma kiliposimama, kidole kilishuka taratibu na kukaa hewani juu ya fimbo, bila kuigusa. Hakikuwa kitu. Lakini Umurerwa alirudi nyumbani nacho, na wakati wa kuosha vyombo alijikuta ameinua kidole chake mwenyewe.

Tangu siku hiyo hakukosa siku ya kupima hata moja. Nishimwe alifurahi. Alifikiri mke wake ameanza kupenda mchezo, akamweleza njiani jinsi ya kumtoa mtu mrefu katika miguu yake, kwa nini Byiringiro ni wa kwanza na kwa nini hatakuwa wa kwanza tena. Umurerwa aliitikia. Ndani ya ghala hakutazama ubao, hakutazama misuli ya mtu, hata ya mume wake. Alitazama kidole kile. Alitaka kukikamata kikifanya kitu. Kikimgusa Nishimwe begani, kwa mfano, au kikikaa fimboni muda mrefu kuliko kwa wengine. Hakikufanya kitu, na hilo lilimuumiza zaidi, kwa sababu alikuwa amebaki na uchungu usio na mahali pa kuuweka. Hangeweza kumwambia mume wake, nakasirika kwa sababu anakupima vizuri.

Muderhwa alipotangaza kwamba Nishimwe na Byiringiro watapigana Jumapili ili ijulikane nani wa kwanza, bonde lote lilichangamka. Atakayeshinda angepelekwa mjini Kamembe kupigana na wa kwanza wa Bukavu. Nishimwe alijinyima chakula kwelikweli. Mashavu yalizama. Alikimbia kando ya mashamba ya mpunga jua likiwa kali, amevaa mfuko wa plastiki chini ya shati ili atoe jasho. Jumamosi asubuhi alipimwa, akarudi akicheka. Clarisse amesema niko ndani kabisa, alimwambia mke wake. Nina nafasi ya kunywa hata maji kidogo. Clarisse amesema leo nilale mapema.

Mpaka na usingizi, Umurerwa aliwaza.

Alikwenda sokoni. Alinunua sambaza mbichi, zile zinazong'aa, na mawese, na pilipili. Saa ya kupika ilipofika alitoa sufuria moja tu. Hakujiambia kwamba anafanya ubaya. Alijiambia kwamba amechoka kuosha sufuria mbili. Alikaanga sambaza mpaka zikakauka na kulia mdomoni, akatia mawese kwenye sombe, akatia chumvi kama alivyofundishwa na mama yake, na harufu ikaingia chumbani alikolala Nishimwe ikamtoa kitandani. Alisimama mlangoni mwa jiko. Alisema anaonja tu. Aliketi. Umurerwa alimmegea ubugari, akamwongezea, na mume wake alikula akiwa amefumba macho, hakumtaja mtu yeyote. Ilikuwa jioni nzuri kuliko zote tangu ubao ule utundikwe. Baada ya chakula kiu ilimshika, akanywa maji, akanywa tena.

Jumapili ghala lilijaa mpaka nje. Wakulima walikuwapo, wapakiaji wakiwa bado na vumbi la saruji masikioni, wanawake waliotoka misa na nguo zao nzuri. Watu wa Mururu walisimama pamoja na kumwimbia Byiringiro. Umurerwa alikuwa mbele safari hii, karibu na mizani, kwa sababu Nyirabagenzi alimshika mkono akamsukuma katikati ya watu akisema huyu ni bibi ya namba mbili, mumupe nafasi.

Byiringiro alipanda kwanza. Clarisse aliweka kichuma kwenye tisini na tatu, na fimbo haikuinuka. Alikuwa ndani. Watu wa Mururu walipiga makofi.

Nishimwe alipanda. Uso wake ulikuwa umejaa kidogo, na vidole vimevimba. Alitazama mabati. Clarisse alimtazama usoni, kisha mikononi, na Umurerwa aliona kwamba amejua. Mpimaji anajua gunia lililoloa hata kabla ya kulipima. Clarisse alikiacha kichuma pale pale kwenye tisini na tatu. Fimbo ilianza kuinuka polepole, kama kichwa cha mtu anayetaka kuuliza jambo, na kabla haijafika juu kile kidole kidogo kilishuka, kikakaa juu yake. Fimbo ikatulia.

"Iko ndani," Clarisse alisema.

Ghala lililipuka kwa makelele. Muderhwa alikuwa upande wa ubao akitafuta chaki, hakuona. Byiringiro alikuwa anafungwa bandeji mikononi, hakuona. Watu wote walikuwa wanamtazama Nishimwe, kama inavyofaa. Katika ghala lote kulikuwa na macho mawili tu yaliyokuwa juu ya kidole kile, na yalikuwa pale kwa sababu hayakuwa na kazi nyingine kwa majuma mengi.

Nishimwe alishuka akitabasamu, na tabasamu la kwanza lilikwenda kwa Clarisse. Umurerwa aliliona. Kumbe wamepatana, aliwaza. Wana jambo lao, na mimi nimesimama hapa na kitenge changu nikipiga makofi. Moyoni alimwona mume wake akishinda leo, akipandishwa, akipelekwa Kamembe, na kila hatua ya kupanda kwake ikiwa imeshikwa na kidole cha yule. Alijua pia kwamba akisema, jina litakalofutwa ni la mume wake, na neno litakaloandikwa mahali pake litakuwa ni yeye. Alijua vizuri.

"Mupime tena," alisema.

Hakuna aliyesikia isipokuwa Nyirabagenzi, ambaye aligeuka na kumkodolea macho. Umurerwa alisema tena, na safari hii sauti ilimtoka kubwa, ngeni, mpaka yeye mwenyewe alishtuka.

"Mupime tena. Ameshika fimbo. Ameikandamiza na kidole."

Muderhwa alikuja, akamtazama mwanamke huyu ambaye hajawahi kusikia sauti yake, akamwuliza kama ana hakika na anachokisema. Umurerwa aliitikia kwa kichwa. Muderhwa alimwomba Nishimwe apande tena, akamwambia Clarisse asogee nyuma, asiguse kitu. Fimbo iliinuka moja kwa moja ikagonga juu, ikatoa mlio mdogo wa chuma ambao ulisikika mpaka mlangoni. Nishimwe aliposikia mlio ule aliacha kuangalia mabati. Aliangalia fimbo, kisha Clarisse.

Watu wa Mururu ndio walioanza kupiga kelele, lakini waliofuata hawakuwa wa Mururu. Walikuwa wakulima wa mpunga. Mzee mmoja aliuliza kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko matusi, kama kidole hicho kimeshinda hapo juu wakati wa kupima magunia yake vilevile. Mwingine alisema tangu msimu uliopita aliona kilo zake hazitimii. Hakuwa ameona kitu, kila mtu alijua. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na mpimaji hana kitu kingine anachouza isipokuwa kuaminiwa. Clarisse alisimama na mikono mbele, kidole kidogo kikiwa kimefichwa ndani ya kiganja.

Muderhwa alimwuliza kwa nini.

Clarisse hakumtazama Umurerwa. Hakutazama wakulima pia.

"Papa Muderhwa, muliona vile amekonda?" alisema. "Majuma yote haya, njaa yote hii, halafu afutwe juu ya siku moja. Nilimuhurumia. Ni ile tu."

Kisha alifunga fimbo ya mizani kwa kamba yake, kama anavyofanya kila siku akimaliza kazi, akaenda kusimama nje kwenye jua. Hakuna aliyemfuata. Muderhwa alifuta jina la Nishimwe kwa kiganja, na kwenye nafasi ya pili akaandika JIKO. Watu wachache walicheka, kwa mazoea. Mtu mmoja nyuma aliuliza kwa sauti kama Jiko mwenyewe ndiye aliyesema apimwe tena, na hapo walicheka wengi. Izabayo aliitwa apigane badala yake.

Walirudi nyumbani kwa njia ya katikati ya mashamba, Nishimwe mbele, Umurerwa nyuma. Alikuwa ameandaa majibu. Akiulizwa juu ya chumvi, angesema mume wake aliketi mwenyewe. Akiulizwa kwa nini amemwaibisha mbele za watu, angemwuliza kwa nini alimtabasamia yule. Hilo la mwisho alilirudia moyoni mara nyingi likawa laini kama jiwe la mtoni. Nyuma yao kelele za ghalani zilisikika, Izabayo labda ameshaangushwa. Nishimwe hakugeuka. Alitembea haraka, mabega yamepanda, na Umurerwa alijua mabega hayo. Alijua hasira itakuja kabla ya kufika darajani.

Lakini kabla ya daraja mabega yalishuka. Hatua zake zilipungua, mpaka Umurerwa akamfikia bila kutaka. Mume wake alikuwa anatazama maji ya mfereji, na uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyesikia leo kwamba kuna aliyekuwa anamwangalia, na bado anaigeuza habari hiyo. Ndipo Umurerwa alipoelewa kwamba hakukuwa na mapatano yoyote. Siku zote Nishimwe alikuwa anatazama mabati. Lile tabasamu lilikuwa la mtu aliyesikia yuko ndani, basi.

"Kidole gani?" Nishimwe aliuliza.

Aliuliza polepole, kwa sauti ambayo mke wake hakuwahi kuisikia nyumbani.

Umurerwa alifikiri kusema hakumbuki. Lakini watu wengi walikuwa wamemwona Clarisse akikificha kiganjani, na yeyote angeweza kumwambia.

"Kidogo," alijibu. "Cha kuume."

Nishimwe aliitikia kwa kichwa, akaendelea na njia, sasa bila haraka. Umurerwa alimfuata akitazama mgongo ule anaoujua. Mpaka mchana ule, katika bonde lote, ni yeye peke yake aliyekuwa anakijua kidole kile.